Maji Matamu Upande wa Baridi

Tarehe 3 Februari

Mhandisi,

Kuna sentensi moja katika ripoti yangu ambayo si ya kweli, nami nimelificha jambo hilo kwa miaka thelathini na moja. Naanza nayo kwa sababu kifua changu hakina tena pumzi ya kuzunguka. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Sasa salamu. Barua yako ilinifikia Jumamosi. Umefanya vizuri kuandika, maana simu siisikii tena. Mtu akinipigia namsikia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Mkwe wangu ndiye anayenipelekea barua posta. Ananitania kwamba nimepata mchumba, kwa kuwa nilichana nywele kabla ya kukaa kukuandikia.

Unasema ushirika wa wakulima wa pasheni umenunua mtambo wa kukoleza juisi bila kuichemsha, wa aina ileile tuliyoijaribu sisi kiwandani, na kwamba umeikuta ripoti yangu ya zamani kwenye maktaba ya chuo. Unaniuliza kuhusu ukurasa wa kumi na nne: "Utando ulilowa kwa sababu msaidizi wa maabara aliuosha kwa sabuni." Unataka kujua kama uiingize sentensi hiyo kwenye kitabu cha mwongozo cha wafanyakazi, iwe mfano wa jinsi kosa dogo linavyoweza kuua kazi kubwa.

Nakuomba usiiingize.

Kazi yenyewe unaijua, lakini niache niieleze kidogo, kwa sababu ni kitu cha mwisho nilichokipenda ambacho bado nakikumbuka chote. Juisi ya pasheni ikichemshwa hupotea. Ladha ya sukari hubaki, rangi hubaki nusu, lakini ile harufu inayomfanya mtu ageuze shingo huondoka na moshi, na kinachobaki kinanukia jamu ya mwaka juzi. Sisi tulikuwa tunaipasha moto mpaka nyuzi arobaini na mbili tu, uvuguvugu wa maji ya kumwogeshea mtoto. Upande mmoja wa utando juisi vuguvugu, upande wa pili maji ya baridi. Utando ule ulikuwa mweupe, mwembamba, wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na ulikuwa unakataa maji. Ukiudondoshea tone, linaviringika kama juu ya jani la gimbi. Maji ya ndani ya juisi hayakuweza kupita yakiwa maji. Yalipita yakiwa mvuke, yakafika upande wa baridi, yakawa maji tena, safi kabisa. Juisi ikabaki nyuma ikizidi kukolea, na harufu yake nyingi ikabaki nayo.

Utando ukiguswa na sabuni, unasahau kukataa maji. Unalowa, na juisi yenyewe inapita. Hilo ni kweli, liandike kwa herufi kubwa. Lakini msaidizi wa maabara hakuutia sabuni. Nani aliutia, siwezi kusema kwa hakika. Ilikuwa siku ya mikono mingi.

Nimechoka. Niandikie ukipata nafasi.

Mkuu wa maabara, mstaafu


Tarehe 16 Februari

Shikamoo Mzee,

Nashukuru kwa barua yako. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena nikiwa nimekaa.

Nami kuna jambo sikukueleza. Habari ya kitabu cha mwongozo ni ya kweli, ila sikuikuta ripoti yako kwa bahati. Niliitafuta tangu nikiwa mwaka wa pili chuoni. Msaidizi wa maabara wa ukurasa wa kumi na nne ni mama yangu. Wewe ndiye uliyempa jina la Kipimo. Analo mpaka leo. Hata wajukuu wa jirani wanamwita Bibi Kipimo.

Yu mzima, ana miaka hamsini na tisa. Baada ya siku ile mlimhamishia sehemu ya kuosha chupa, jambo ambalo nadhani lilikuwa mzaha wa mtu fulani ofisini. Alivumilia mwezi mmoja, akaacha. Akapata kazi posta, dirisha la vifurushi, akapima vifurushi vya watu kwa miaka ishirini na sita. Nyumbani huosha kila chombo kwa maji matupu mara tatu baada ya sabuni. Tukiwa wadogo tulidhani ndivyo vyombo vinavyooshwa duniani kote. Siku nilipolala kwa rafiki yangu nikaona kikombe kimesuuzwa mara moja, nilikataa kunywa chai, nikaonekana sina adabu.

Ushirika ulimwomba aje awe msimamizi wa mtambo. Sikuwaomba mimi, mwenyekiti wao alifanya kazi kiwandani kwenu, na anakumbuka kwamba vipimo vyote vya majaribio vilitoka kwenye daftari la mama. Mimi nimesomea mitambo hii lakini yeye anaifahamu kwa vidole. Nilimpeleka kuiona. Alifika mlangoni, akaweka mikono nyuma ya mgongo, na hakuitoa mpaka tulipoondoka. Njiani akaniambia kwa upole kabisa kwamba mikono yake haiaminiki.

Mtambo utawashwa Jumatatu ya kwanza ya Aprili. Nataka awepo, na nataka awepo akiwa ametoa mikono mgongoni. Sitafuti sheria wala fidia. Miaka imepita na wewe ni mgonjwa. Barua yako sijamsomea bado, kwa sababu haijaisha. Unasema ilikuwa siku ya mikono mingi. Mzee wangu, mikono mingi ni mikono ya nani?

Binti wa Kipimo


Tarehe 27 Februari

Mwanangu,

Nilipofika kwenye sentensi inayomtaja mama yako niliikunja barua nikaiweka chini ya mto. Mkwe wangu aliuliza kama mchumba ameniacha. Nilikaa nayo hivyo siku nne. Daktari anayekuja kunisikiliza moyo alisema wiki hii unakwenda kama gari lenye gia moja. Nikaona nijibu kabla hiyo gia haijatoka.

Ilikuwa mikono yangu.

Asubuhi ya siku ile wakurugenzi walikuwa waje saa nne. Nilifika saa kumi na mbili na funguo zangu, nikafungua maabara. Mtambo ulikuwa tayari. Mama yako aliuandaa jana yake. Tulikuwa tumeutengenezea dirisha la kioo ili wageni wauone utando, na kwenye utando palikuwa na doa la rangi ya machungwa, pana kama kiganja. Ni rangi ya pasheni tu. Mama yako aliniambia mara mbili kwamba doa lile halina madhara, tuliache. Lakini mimi nilikuwa nimeliona doa lile usiku kucha kichwani. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, nasubiri cheo, na niliamini watu wakubwa hawatasikiliza habari ya vitundu visivyoonekana huku wanaangalia uchafu unaoonekana.

Nilifungua fremu. Nilichukua sifongo kwenye sinki na sabuni ya vyombo, nikausugua utando mpaka ukawa mweupe kama siku ulipofunguliwa kwenye boksi. Nikausuuza mpaka povu likaisha. Kanuni ya kutotumia sabuni ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya sinki hilohilo, na sahihi ya chini yake ilikuwa yangu. Nilidhani mtu aliyeweka kanuni anajua mahali pa kuipinda.

Saa nne na nusu mtambo ulikuwa unafanya kazi. Mkurugenzi mkuu alichukua glasi, akakinga maji upande wa baridi, ambako palipaswa kutoka maji matupu. Yalikuwa ya manjano. Akaonja, akaulamba mdomo, akasema ni matamu. Akawageukia wenzake akawaambia kwamba tumemtengenezea chujio la bei ya nyumba mbili. Walicheka, na mimi nilicheka nao. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi sasa, kile kicheko.

Akauliza nani aliyeosha mtambo. Sikujibu. Chumba kizima kikamtazama mama yako, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiosha kila kitu. Mimi nikautazama ukuta. Baadaye nikaandika ripoti, na ukurasa wa kumi na nne ukaja wenyewe. Mradi ulifungwa, tukarudi kwenye masufuria, na mimi nikastaafu na cheo kilekile.

Msomee barua hii. Mwambie mikono yake ilikuwa misafi tangu mwanzo. Hiyo ndiyo habari yote.

Mkuu wake wa zamani


Tarehe 11 Machi

Mkuu,

Shikamoo. Naandika mwenyewe kwa sababu binti yangu ana hasira, na mtu mwenye hasira hupima vibaya.

Alinisomea barua yako mara mbili. Mara ya pili nilimwomba asome polepole kama mtu anayesoma mizani. Alitegemea nitalia, au nitaimba. Nilikwenda kukoroga uji. Yeye akanifuata jikoni akaniuliza kama nimesikia, nikamwambia nimesikia lakini siamini.

Usikasirike. Najua wewe ni mgonjwa, na watu wakiwa wagonjwa hupenda kugawa vitu vyao. Wengine hugawa saa na makoti. Wewe umeamua kunigawia usafi wangu. Ni zawadi kubwa, na inafanana na wewe, maana ulikuwa bosi mwema. Hata nilipohamishiwa kwenye chupa ulikuja kunijulia hali, ukaniletea glavu. Lakini siwezi kupokea kitu ambacho si changu.

Mimi nakumbuka, Mkuu. Sikumbuki kwa kubahatisha. Namwona mtu amesimama kwenye sinki asubuhi, na mtu huyo ni mimi. Sifongo ina kijani upande mmoja na manjano upande wa pili. Sabuni inanukia limau. Povu limenipanda hadi kwenye kifundo cha mkono na mkono wa koti langu jeupe umelowa. Wewe umesimama mlangoni na gazeti kwapani, huniambii kitu kwa sababu hutaki kunishtua. Haya nimeyaona kila wiki kwa miaka thelathini na moja. Siku za posta nilikuwa nikipima kila kifurushi mara mbili, wateja wakaniita Mama Rudia, na kila niliporudia kupima nilikuwa naliona lile povu.

Ajabu ni kwamba sikumbuki nilifikaje pale. Sikumbuki kufungua fremu, na fremu ile ilikuwa na skrubu kumi na mbili. Nilidhani ni uzee. Lakini binti yangu ananiambia uzee haukumbuki rangi ya sifongo ukasahau skrubu kumi na mbili.

Kwa hiyo nakuuliza swali moja la maabara. Vipimo viwili vya kitu kimoja vimetofautiana. Hatuvigawi katikati, tunatafuta kosa liko wapi. Ulinifundisha hivyo wewe. Ikiwa uliosha wewe, kumbukumbu hii niliyo nayo ni ya nani?

Nijibu hilo. Sitaki pole, pole ninazo nyingi. Ukinijibu, Jumatatu ile nitakwenda kwenye mtambo. Usiponijibu nitabaki nyumbani na mikono yangu, tumezoeana.

Ule uji uliungua, kwa taarifa yako. Ni mara ya kwanza.

Kipimo


Tarehe 20 Machi

Kipimo,

Barua hii nimeiandika kwa siku tano, mistari michache kila asubuhi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Ukiona mwandiko unabadilika, usidhani nimesaidiwa. Hakuna aliyenisaidia. Mkwe wangu ameacha kunitania; anaweka kalamu karibu na kitanda na kutoka nje.

Nilimwambia binti yako kwamba ile ndiyo habari yote. Haikuwa yote. Kwanza nilimwandikia kwamba ilikuwa mikono mingi, kisha nikakubali kwamba ilikuwa yangu, na mara zote mbili nilijisikia mwepesi kama mtu aliyemaliza. Nilitegemea ungekubali barua ya pili, ukafurahi, nami nikaondoka na kilichobaki. Nilisahau ninamwandikia nani.

Unakumbuka wakurugenzi waliondoka saa sita. Mafundi walikwenda kula. Mimi niliingia ofisini kwangu nikafunga mlango, na wewe ukabisha hodi. Nilikwambia ukae, hukukaa. Ulikuwa umeshika daftari lako la vipimo, umeliweka kifuani. Hukuwa unalia. Ulisema umepitia kila kitu ulichokifanya tangu jana yake jioni, hatua kwa hatua, na hukuona mahali popote ulipogusa sabuni. Ulisema labda mtu mwingine aliingia asubuhi. Ulisema unakwenda getini kumuuliza mlinzi nani alifika kwanza, kwa sababu mlinzi huandika.

Mlinzi alikuwa ameniandika mimi. Saa kumi na mbili na dakika tano.

Mikono yangu ilikuwa chini ya meza. Mkono wa shati langu ulikuwa umekauka, lakini ulikuwa bado unanukia limau. Nilihofu utaisikia harufu hiyo. Ulikuwa na pua kali kuliko sote. Wewe ndiye uliyekuwa ukituambia juisi imeanza kupoteza harufu kabla kipimo hakijasema.

Ningeweza kukuacha uende getini. Ni hatua mia moja na hamsini. Ningeweza kunyamaza tena kama nilivyonyamaza mbele ya wakurugenzi, na huenda ungefika getini ukaujua ukweli siku hiyohiyo, ukiwa na miaka ishirini na nane na kazi yako mbele yako. Lakini kunyamaza kusingetosha safari hiyo. Ilibidi nikusimamishe, na nilikufahamu vya kutosha kujua kwamba hakuna amri ambayo ingekusimamisha. Kitu pekee ulichokiheshimu kuliko kumbukumbu yako kilikuwa ushahidi wa mtu aliyeona.

Unaniuliza kumbukumbu hiyo ni ya nani. Ni yangu, Kipimo. Sifongo ya kijani na manjano niliishika mimi. Povu lilipanda kwenye mkono wangu. Skrubu kumi na mbili nilizifungua mimi, na huzikumbuki kwa sababu nilisahau kukusimulia. Gazeti la kwapani nililiongeza pale mezani, kwa kuwa lilikuwa mbele yangu. Glavu nilizokuletea kule kwenye chupa hazikuwa za wema. Nilikuja kusikiliza kama bado unauliza. Hukuwa unauliza tena. Uliniambia wewe mwenyewe, huku ukitazama chini, kwamba sasa umekumbuka.

Haya hayamo kwenye ripoti wala kwenye barua zangu mbili. Mke wangu amekufa bila kuyajua. Ningeweza kukueleza kwamba niliogopa kupoteza kazi, lakini sikuogopa hilo. Wangenikaripia tu, wakanisamehe, nilikuwa mkubwa mno kufukuzwa kwa ajili ya sifongo. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya msichana aliyeniambia mara mbili niliache doa.

Uligeuka kwenda mlangoni. Ulishika kitasa. Kisha ukarudi hatua moja, ukaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba ruhusa.

"Mkuu, mimi sikumbuki kabisa. Wewe uliniona?"

Nilikutazama machoni, nikakujibu:

"Nilikuona."

Mkuu wako wa zamani